Shanga za Dhahabu Shingoni mwa Mjukuu Wangu

Nimetunga shanga miaka mingi, na kipimo changu kimekuwa kimoja: naiweka shanga shavuni. Jiwe hubaki baridi, plastiki hupata joto upesi. Mjukuu wangu alipokaribia kuolewa, nilikwenda sokoni Kyela kwa mama mmoja anayeleta shanga kutoka Malawi, nikachagua mawe yaliyopakwa dhahabu.

"Mawe ni ya kweli, bibi," aliniambia. "Ila dhahabu iko juu juu tu. Jasho hailipendi."

"Kyela hii, nani hatoki jasho?" nilimjibu. Tukacheka wote wawili, nami nikazichukua hivyo hivyo.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa na joto likapanda. Nikiwa kiti cha mbele, niliona shanga shingoni mwa mjukuu wangu zinageuka kijivu moja baada ya nyingine, na chembe za dhahabu zinashuka kwenye gauni jeupe. Nisingeweza kuinuka. Nilimwomba Mungu ayafupishe mahubiri, naye mchungaji akaanzia bustani ya Edeni.

Ibada ilipokwisha, bibi harusi alinikumbatia mlangoni. "Ndaga, bibi," alinishukuru. "Usihuzunike. Nilijua tangu wimbo wa pili."

"Sasa kwa nini hukuzivua?"

"Ningezivuaje, na wewe uko mbele yangu unaniangalia?"

Namshukuru Mungu kwa moyo aliompa mtoto yule. Nilitoa leso nikamfuta shingo, na ile dhahabu ikazidi kusambaa.