Dakika Kumi za Karani

Karani wa kompyuta wa depo ile ya malori ya Butembo hakuwa mtu wa kuzubaa. Kazi ya kuchapa ikisimama dakika kumi kungoja karatasi, mashine huikata yenyewe, kwa hiyo vidole vyake vililisha printa karatasi mbiombio. Siku askari walipodai orodha ya madereva ili wawapeleke vitani, Kavugho wa kaunta alimwona akibonyeza kitufe cha kuchapa, kisha akipekua droo, akifuta miwani, akiifuta tena.

“Unangojea nini, papa?” mkubwa wa askari akamuuliza mzee.

“Makaratasi, chef.”

Nyuma ya depo, madereva walikuwa wakiruka ukuta mmoja mmoja. Mashine ikalia.

“Imekata kazi. Hapana mimi, chef, ni mashine.”

Dirishani Kavugho alimwona mumewe, dereva wa mwisho, bado yuko uani. Mtutu ukagusa shingo ya karani.

“Anza tena.”

Karani akabonyeza, kisha akavua miwani, akaanza kuifuta.