Mama Afika Miaka Kumi na Minne

Fundi rangi alikuwa amepaka nyumba za nusu ya mtaa, lakini ukuta wa korido ya nyumba yake mwenyewe hakuugusa kwa miaka karibu ishirini. Waliomwambia mganga hajigangi aliwaacha waseme. Sababu ilikuwa penseli. Hapo, kando ya mlango wa jikoni, alikuwa akimpima mwanawe kila mwaka: mstari mmoja ulionyooka, umri pembeni. Wa mwisho aliuchora siku kijana alipobeba sanduku lake, akiwa na miaka ishirini na mmoja, kanisa lilipomtuma kuhubiri ng'ambo kwa miaka miwili.

Hakuwa amemaliza miezi mitatu huko mama yake alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Mama huyu mtaa ulimwita Mama Mapazia, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kushona na kutundika. Titi likakatwa pamoja na matezi ya kwapani, zikafuata dawa zilizobeba nywele zote, ikafuata mionzi. Mwishowe madaktari wakasema saratani haionekani tena. Kilichobaki ni mkono, nao ulikuwa umegoma. Ulijikunja kiwikoni, ukabana ubavuni, hautaki kwenda juu wala kusikia la mtu.

"Mama, umekuwa mkono wa birika," alisema binti yake, kitinda mimba, ambaye ulimi wake haukuwahi kuugua.

"Afadhali mimi. Wewe bahili wa kuosha vyombo, na mikono yote miwili mizima."

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kutembeza vidole kwenda juu kama buibui, mpaka pale panapouma, kisha aweke alama. Ukuta wenye nafasi nyumbani ulikuwa ule wa korido. Siku ya kwanza buibui alikwama kwenye mstari wa miaka mitano.

"Mitano," alitangaza fundi rangi, akachora.

Basi mama akawa na umri mpya. Mwana aliruhusiwa kupiga simu ya picha mara moja kwa wiki, kila Jumatatu, na salamu yake ikabadilika.

"Leo una miaka mingapi, Mama?"

"Saba, mwanangu. Meno ya mbele yametoka."

Tisa ilikuja, kumi na mmoja ikaja. Kumi na minne ikaja, ikakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, vidole vinafika palepale, vinatetemeka, vinashuka.

"Umri mgumu huo," alisema mumewe. "Hata mwanetu alitutesa hapo."

Kushona aliweza. Kutundika, hapana, na pazia lisilotundikwa ni shuka tu.

Jumatatu iliyofuata mwana hakutania.

"Mama, mchungaji wetu amesema naweza kurudi kwa ajili ya ugonjwa wako. Anataka jibu wiki ijayo. Nimeamua hivi: ukifika mstari wangu wa mwisho, nabaki. Usipofika, narudi."

Mama Mapazia aliitikia, akaenda kukaa kwenye cherehani. Kumtaka alimtaka, kitanda chake alikitandika kila wiki na hakuna aliyekilalia. Asichotaka ni kuja kuambiwa uzeeni kwamba mkono wake ndio uliomvuta mtoto akaacha safari katikati. Akatoa kitambaa cha pazia kilichobaki, akashona gauni refu la kufagia sakafu.

Siku ilipofika alipanda juu ya makopo mawili ya rangi, mguu huku, mguu kule, akayafunika kwa gauni.

"Mke wangu, huu ni udanganyifu," alisema fundi rangi.

"Na wewe uliyepaka rangi juu ya ukungu wa watu?"

"Ile ilikuwa kazi."

"Na hii je? Simama hapa uonekane shahidi, na unyamaze."

Simu ikaita. Binti akaishika, akiwa ameuma midomo. Mama akatembeza vidole. Kumi na tano, kumi na saba, ishirini na mmoja.

"Haya, umeona? Baki huko umtumikie Mungu."

Kijana alisogeza uso karibu na kioo cha simu.

"Baba," alisema, "mbona umekuwa mfupi?"

Fundi rangi alimzidi mkewe kichwa kizima tangu siku ya harusi. Sasa walikuwa sawasawa.

"Uzee, mwanangu," alisema.

Binti akapasuka kwa kicheko, simu ikayumba hadi dari.

"Mama, shuka."

Akashuka, kopo moja likabiringika hadi jikoni. Kijana hakucheka.

"Kumbe unataka nisirudi kiasi hicho?"

"Nataka usirudi kwa sababu yangu. Wewe wazo la mstari wa juu vile ulilitoa wapi? Hata mtaalamu hajaniwekea lengo kama hilo."

Dirishani nyuma yake mvua ilikuwa ikinyesha, kama ilivyonyesha kila Jumatatu.

"Niliuweka juu kusudi," alisema. "Usiufikie. Huku milango inafungwa usoni kabla sijamaliza salamu, Mama. Nilikuwa natafuta sababu."

Mama Mapazia alijifuta vumbi la ukuta vidoleni.

"Ukitaka kurudi, rudi, kitanda kipo. Ila rudi kwa miguu yako. Usirudi kwa mkono wangu."

Kijana akasema ameelewa. Kama anarudi au anabaki, hakuna aliyemuuliza.

Wiki ile mama alitembeza buibui wake asubuhi na jioni, pekupeku sakafuni. Alitundika pazia moja tu, la dirisha dogo la jikoni, lililo chini kuliko yote.

Jumatatu simu ikaita saa ileile. Mvua ileile, dirisha lilelile.

"Leo una miaka mingapi, Mama?"

"Kumi na minne na nusu," alijibu, akijifunga kanga kiunoni, bila kukaa kitini. "Wewe je, leo wamekufungia milango mingapi?"