Taya la Mbwa Wetu

Mbwa wetu alianza kuzeeka kwa macho. Yaliingia weupe kama maji ya mchele, akawa anajigonga kwenye ndoo iliyoachwa njiani, halafu anaikoromea ile ndoo kana kwamba ndiyo iliyomfuata. Nilikuwa nacheka. Nami siku hizo nilikuwa najigonga. Tulikuwa wazee watatu katika ua mmoja hapa Ihanda, mume wangu, mimi na mbwa, na kati yetu ni mbwa peke yake ambaye hakuwa akilalamikia magoti.

Jina lake silitaji. Mzee ndiye aliyempa, na nikiliandika hapa naona kama namwita.

Alikuja kwetu miaka ile biashara ya kahawa ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulipeleka kahawa ushirika, na pale watu walijuana. Ukileta gunia wakati shamba lako bado halijachumwa, unaulizwa umelitoa wapi. Soko lilipofunguliwa, wakaja wanunuzi na magari yao mpaka mlangoni, na wao hawaulizi kitu ila kama imekauka. Basi na mwizi naye akapata soko. Unaanika kahawa juu ya vichanja asubuhi, unaingia jikoni kugeuza maharage, ukitoka unakuta kichanja kina kipara katikati. Mzee akasema, "Tutafute mbwa." Akaenda kumchukua kwa shemeji yake kule kijiji cha Nanyala, akamvingirisha kwenye koti, akarudi ananuka mkojo na ana furaha kama bwana harusi.

Wanaume wa kwetu wana jambo wanalomfanyia mtoto wa mbwa. Wanatafuta mavu, wale nyigu wakubwa wanaojenga kwenye kingo za paa, wanawabana ndani ya tonge la ugali, wanamlisha ili ukali wa mavu uingie mwilini mwake. Mzee alimlisha. Kile kidomo kikavimba hata nikashindwa kujua pua iko wapi.

"Umeniulia mbwa," nikamwambia.

"Ngoja uone," akasema.

Alipona, na kweli akawa mkali. Mzee alisema ni mavu. Mimi nasema ukali aliupata kwangu, maana ndiye niliyekuwa nashinda naye. Kahawa ikiwa juu ya kichanja, yeye yuko chini yake kivulini, jicho moja limefumba, jingine liko njiani. Mwizi hakugusa tena hata punje. Lakini kwa watoto alikuwa godoro. Wajukuu wangu wakubwa walikuwa wanamlalia, wadogo walijifunza kusimama kwa kumshika manyoya. Leo kati ya wale wakubwa mmoja ni muuguzi, mwingine ana duka Tunduma, mwingine anajengea watu nyumba hadi ng'ambo ya mpaka. Sijivuni, nasema yaliyopo. Haya, najivuna. Nimewalea mimi na mbwa.

Macho hayakututisha. Mbwa kipofu ana pua, na pua yake ilikuwa nzima. Kilichotutisha ni mdomo. Msimu mmoja wa kuchuma, tonge likawa linamwangukia. Analiokota, linaanguka tena, mpaka kuku wanakuja kumnyang'anya, naye aliyekuwa anafukuza wanaume anawatazama tu. Halafu ikaja harufu. Ukikaa naye, unadhani kuna panya amefia ndani ya ukuta. Nikamkamata, nikamfungua mdomo. Kwenye taya la kushoto, kwa ndani, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai, mwekundu, umepasuka upande mmoja. Alinivumilia. Aliukunja mkia akaniacha nitazame nilivyotaka.

Nikamwita mzee. Akatazama, akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba. Nikamfuata.

"Ni mavu," akasema.

"Mavu gani?"

"Yale niliyomlisha. Yalikaa humo humo."

Nilicheka kwa sauti. Mbwa ana umri wa kuwa babu, halafu mtu anakwambia habari ya mavu ya utotoni! Kisha nikamtazama vizuri. Mume wangu alizika ndugu zake bila kutoa chozi mbele ya watu, na sasa alikuwa ameshika jani la mgomba analichanachana kama mtoto aliyechapwa. Nikaacha kucheka.

Mjukuu wa dukani nikamtumia salamu. Akavuka upande wa Zambia, akaingia duka la dawa za mifugo, akaeleza. Muuzaji akamwita mama kwa lugha ya kwao, akamuuliza, "Bamayo, hiyo imbwa ni mzee?" Akamjibu ni mzee sana. Yule akatikisa kichwa, lakini akampa vidonge vya maumivu. Nikawa navisaga kwa jiwe, natia kwenye uji, juu namwagia mchuzi wa dagaa ili asisikie uchungu. Akawa anakunywa. Akarudi kukaa chini ya kichanja, hata akabweka mara moja, kwa sauti iliyopasuka, na mzee akaja mbio kutoka shambani kuuliza, "Umemsikia?" kama vile ni mtoto aliyetamka neno la kwanza.

Yakaja mate. Yalikuwa yananing'inia marefu, yana damu, anayakokota kifuani. Na mwaka huo kichaa cha mbwa kilikuwa kimepita vijiji vya bondeni, na mtoto mmoja alikufa akiogopa maji. Kila mtu alikuwa anawatazama mbwa wa wenzake kwa jicho baya. Siku moja binti wa jirani anapita na ndoo yake, mbwa wetu akasikia hatua, akaenda kumnusa kama alivyozoea. Mate yakabaki kwenye sketi ya mtoto.

Sikumaliza hata kupepeta mahindi niliyokuwa nayo, nikamwona baba yake mtoto amesimama njiani na gobore lake la kuwindia nguruwe pori.

"Bibi, shikamoo. Toka tuzungumze."

"Marahaba. Mtu anakuja kuzungumza na bunduki?"

"Mbwa wako ana kichaa. Anatoa mate."

"Hata wewe kwenye pombe ya harusi ya mdogo wako ulilala unatoa mate, na hakuna aliyekupiga risasi."

Wanawake waliokuwa wanatoka kuteka maji wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Bibi, nina watoto."

Nami nina watoto. Nikamwambia anipe nafasi nimwite bwana mifugo, na kama bwana mifugo atasema ni kichaa, nitamshika mbwa mwenyewe. Lakini niliapa mbele ya wale wanawake kwamba mbwa wangu hatakufa kwa risasi kama mwizi. Atakufa nyumbani kwake, kifo chake mwenyewe. Nilisema kwa sauti, kijiji kisikie.

Bwana mifugo akaja na pikipiki, mikono ameivika mifuko ya nailoni. Akatazama mdomo, akavuta pumzi.

"Bibi, huu ni uvimbe. Ni saratani. Dalili za kichaa sizioni, ila siwezi kuapa. Mfungeni, watu wamtazame. Kama ni kichaa atakufa upesi na mtajua."

"Na asipokufa?"

"Asipokufa, bibi, ndipo shida yako inaanza."

Nilimuuliza kama hana sindano ya kumlaza asiamke. Akasema anayo ya kupe na ya minyoo ya ng'ombe, hiyo nyingine aliiona chuoni tu. Mzee naye akamvuta pembeni. Najua alimuuliza habari ya mavu, maana nilimsikia bwana mifugo anasema, "Hapana, babu, hapana, haihusiani," na mzee anaitikia, "Sawa," kwa sauti ya mtu asiyekubali.

Tukamfunga kwenye mparachichi. Mbwa yule hakuwa ameonja kamba tangu azaliwe. Siku ya kwanza aliivuta mpaka shingo ikachubuka. Baadaye akaacha. Akawa anakaa na mgongo wake kwetu, uso kwenye vichanja ambavyo hakuweza kuviona. Watu walikuwa wanapita njiani wanasimama kama wanatazama mgonjwa wa ajabu, na mimi natoka na mwiko nawauliza kama kwao hakuna kazi. Nilikuwa napeleka uji mwenyewe, nakaa naye kwenye majani, namfuta mate kwa kitambaa. Nilimwambia avumilie, tunawashinda.

Na tuliwashinda. Siku zikapita, mbwa hakufa, hakung'ata, hakuogopa maji. Jirani akaja bila gobore, ana chupa ya maziwa mkononi.

"Bibi, nisamehe. Niliogopa."

"Mbwa wangu hana kichaa," nikasema.

"Hana."

"Sema kwa sauti."

"Hana kichaa, bibi!"

Jumapili nilivaa kitenge kipya kwenda kanisani na kila niliyekutana naye nikamwambia. Mwanamke mmoja akasema, "Umeshinda kesi." Nikasema ndiyo, nimeshinda.

Niliporudi nikammiminia yale maziwa kwenye sufuria. Akaweka mdomo ndani. Akanywa, au alidhani anakunywa, maana kila kilichoingia kilikuwa kinatokea pembeni, kimekuwa cha rangi ya waridi. Uvimbe ulikuwa umejaa mdomo. Akainua kichwa, akapumzika, akarudi tena, hakimezeki kitu. Alikuwa na njaa. Hilo ndilo ambalo sikulifikiria siku ile niliyoapa. Niliona atalala tu siku moja asiamke. Sikuona kwamba atakaa na chakula mbele yake, anakinusa kwa ile pua yake nzima, na hawezi kumeza. Akalia. Haikuwa sauti ya mbwa. Ilikuwa kama mlango unaofunguliwa polepole.

Hiyo ndiyo kesi niliyoshinda.

Mzee akasema, "Mwache afe mwenyewe. Uliapa."

"Anakufa kwa njaa."

"Huyo mwenye gobore asikanyage hapa."

"Basi chukua shoka ufanye wewe."

Akanitazama kama hanijui. Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba.

Nilikwenda mimi. Njia ya kwa jirani ni fupi, lakini nilisimama mara nyingi. Nikamkuta anachonga mpini wa jembe. Akainuka, akanipa kigoda.

"Karibu, bibi."

"Sikai. Chukua gobore lako twende."

Akadhani namkejeli. "Bibi, si nilikwisha kuomba radhi?"

"Nilisikia. Sasa njoo."

Akaelewa. Akaketi kwenye kile kigoda alichonipa mimi. "Siwezi," akasema. "Siku ile nilikuwa na hofu, ningeweza. Leo sina hofu, siwezi."

Kwetu mwanamke hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake. Mkubwa hampigii mdogo magoti, na bibi hampigii kijana aliyemwona anatambaa. Mimi nilianza kushuka. Magoti yenyewe mabovu, nikashika ukuta, nashuka. Akaruka akanidaka kwenye makwapa.

"Usifanye hivyo, bibi! Unataka kunitia laana? Inuka. Nakuja. Inuka."

Tulirudi pamoja. Mzee alikuwa ametoka, amechuchumaa kwenye mparachichi. Alipotuona hakusimama. Akamshika mbwa kichwa, akamnong'oneza maneno marefu kwa Kinyiha. Sikuyasikiliza, hayakuwa yangu. Kisha akamwambia jirani, "Iwe mara moja," akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Nilimfungua kamba. Nilitaka afe amefunguliwa, angalau hilo. Akasimama, akajiegemeza kwenye mguu wangu na uzito wake wote uliobaki, ambao haukuwa uzito. Jirani akasema, "Bibi, sogea." Nikasema sisogei mpaka alale. Nikamkuna pale nyuma ya sikio, penye kovu aliloachiwa zamani na mwizi wa kahawa, nikamkuna mpaka miguu ikalegea, akalala, akaweka taya lake bovu juu ya unyayo wangu. Nikauchomoa unyayo polepole. Akanitafuta kwa pua. Nikasema, "Nipo," na nikarudi nyuma.

Ilikuwa mara moja.

Mbwa kwetu hazikwi, hutupwa korongoni. Mzee alikuja na jembe, akaanza kuchimba kati ya miti ya kahawa, na watu njiani walikuwa wanatazama. Safari hii sikutoka na mwiko. Jirani akaweka gobore chini, akamwambia, "Babu, nipe." Mzee hakulitoa jembe. Wakabaki wamelishika wote wawili, mmoja huku mmoja huku, mpaka mzee akachoka na kuliachia.

Mume wangu hakuniongelesha siku nyingi. Alikuwa anakula nilichopika, anatoka. Simlaumu. Niliapa mimi mbele za watu, na mimi ndiye niliyekwenda kuita.

Mjukuu wangu alikuja kutoka Tunduma na pakiti nyingine ya vidonge. Alikuta chini ya mparachichi hapana mbwa, akasimama na mkoba wake begani.

"Bibi, alikufaje?"



"Hakuwa na kichaa," nikamwambia.

"Najua, bibi. Nauliza alikufaje."

Nikampokea mkoba. Nikamwambia aingie ndani, babu yake yuko peke yake.