Chumba cha Masamva

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni alinisimamisha kando ya kitanda cha uchunguzi akaniambia, "Daktari akimpima mwanamke, wewe ni sehemu ya kipimo. Ukitoka, kipimo kisimame." Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, wanangu. Mgonjwa aliyelala bila nguo hana pa kukimbilia. Lazima awepo mtu wa pili, na mgonjwa aelezwe kinachofanyika, akubali.

Baada ya miaka ya wodi ya wazazi, nilihamishiwa kituo kimoja cha afya vijijini, humu humu Simiyu. Asubuhi ya kwanza niliona jambo geni. Kila mwanamke alipoingia kwa daktari, ndugu yake alizunguka nyuma ya jengo, akasimama chini ya dirisha lililofungwa na kuita.

"Mbuke, upo?"

"Nipo."

Baada ya muda, tena:

"Mbuke, upo?"

"Nipo."

Jua lilikuwa kali na uwanja umejaa watu, lakini hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kwenye foleni alininong'oneza, "Humo mna masamva, sista, roho za wahenga. Zinashika watu. Ukinyamaza tu, zimekuchukua."

Daktari wetu, mtu wa sauti laini, alitabasamu nilipomwuliza. "Waache na masamva yao. Wakiogopa, wanatulia."

Siku moja aliingia Kabula, mke wa mfugaji, anaumwa sikio. Daktari akanituma glovu stoo. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipokumbuka kwamba boksi jipya nililiweka mezani kwake mwenyewe asubuhi ile. Nikageuka. Nyuma ya jengo, wifi yake Minza alikuwa anaita.

"Kabula, upo?"

Kimya.

"We Kabula! Acha utani wako, kaka yangu nitamwambia nini?"

Kimya.

Niliingia bila kubisha hodi. Kabula alikuwa kitandani, uso ukutani, kanga yake sakafuni. Daktari aliruka nyuma.

"Sista, unaingiaje wakati wa uchunguzi?"

"Mgonjwa amekuja na sikio, daktari."

Nikaokota kanga, nikamfunika.

Nilikwenda kuripoti. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alituita ofisini sote, pamoja na Kabula na wifi yake, lakini kesi hakuitaka. "Wenyewe wanasema ni masamva. Nimwandikie Mkurugenzi wa halmashauri nini? Kwamba samva limeshika mtu?"

Kabula aliinamisha kichwa. Angenyamaza, tungerudi kazini kama kawaida, na daktari pia. Minza akamfinya. "Sema, wifi."

"Ni yeye," Kabula alisema. "Aliniambia nikinyamaza nitapona."

Mlango ulikuwa wazi. Huko nje, kwenye mabenchi, mwanamke mmoja akasimama. Akasimama wa pili. Kisha benchi zima.

Mganga Mfawidhi akachukua kalamu. Daktari yule aliondolewa, na polisi wakamhoji.

Sasa nimestaafu, naishi Bariadi, na wauguzi wapya hunitembelea kabla ya kwenda vituoni. Nawatia moyo, kwani kazi hii ni njema. Ila nawaambia: ukifika mahali ukaambiwa chumba fulani kina roho, usicheke. Uliza nani anafanya kazi humo.