Mvi Nilizotaka Kuzizima kwa Amonia

Mwanangu, nimeiona picha ya pakiti ya rangi ya nywele uliyonitumia kwa simu, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unataka kuficha mvi kabla ya mahojiano ya kazi Jumatatu, na wiki hii hii umelainisha nywele kwa dawa. Nitakujibu. Lakini kwanza nikueleze siku moja ambayo hunirudia kila nikishika kitana. Sasa naikumbuka nikicheka, ingawa ilipoanza sikucheka hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa watoto wadogo huku Nyamache, na mvi zilikuwa zimeshanianza. Si moja wala mbili. Zilijipanga juu ya paji la uso, mahali ambapo kila mtu angeziona. Ni mambo ya ukoo, maana babu yako alizipata akiwa kijana, na shangazi zangu vilevile. Wanafunzi waliniita nyanya nikiwapa mgongo, nami nilijifanya sisikii. Kilichonishinda ni pale baba yako, ambaye wakati huo alikuwa Nyabuto tu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai upande wa Gesima, aliponiambia kwamba wazazi wake wangekuja kwetu Jumamosi kunifahamu. Nilikosa raha. Nilijiambia kwamba mama yake akiniona ataamini nimemdanganya mwanawe umri wangu.

Alhamisi nikaenda Keumbu kwa Mama Zuhura, msusi aliyekuwa na saluni yake pale sokoni. Baba yake alikuwa Mwislamu aliyehamia Kisii kwa biashara, na yeye alizaliwa hapa hapa, akizungumza Ekegusii kama sisi. Alinilainisha nywele kwa dawa, na alipokuwa akinisuuza nikamwomba anipake na rangi nyeusi. Akakataa. Akasema dawa mbili kali hazikai kwenye kichwa kimoja siku hizo hizo, nirudi baada ya wiki mbili, tena kwanza anijaribishie tone moja nyuma ya sikio aone kama ngozi yangu inaikubali. Nikamwambia wageni wanakuja Jumamosi.

"Wageni watakuja na kurudi kwao, mwalimu," akanijibu. "Kichwa utabaki nacho wewe."

Husemwa kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu siku ile zilikuwa chache. Nilitoka pale nimenuna, nikanunua pakiti ya rangi kwenye kibanda cha jirani, na Ijumaa baada ya masomo nikajifungia chumbani kwangu. Nilipochanganya ile rangi, harufu ya amonia ilinipiga puani kama ya zizi la ndama lisilofagiliwa siku nyingi. Macho yakatoa machozi, koo likawasha. Ningefungua dirisha, lakini niliogopa jirani asinione. Maelezo yalisema nusu saa. Mimi nikaona mvi zangu ni sugu, nikazipa saa nzima. Ngozi ilipoanza kuwaka moto nikajiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Niliinama kweli, mwanangu, juu ya karai la maji, na nywele zikanifuata mkononi. Zilitoka kwa mafungu, laini, kama zile nyuzi za mahindi mabichi unapoyamenya. Mbele zilibaki urefu wa ukucha. Juu ya sikio la kushoto palibaki ngozi tupu, nyekundu, inayochoma. Nilikaa sakafuni nikiwa na uhakika kwamba nimejiharibia maisha yangu yote.

Asubuhi ya Jumamosi nilijifunga kitambaa nikarudi kwa Mama Zuhura, nikijua nitaambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuniambia hivyo. Alinikalisha, akaniosha taratibu kwa maji ya baridi, akapunguza kwa mkasi zile zilizokatikakatika ili zilingane. Ndipo akasema.

"Unywele umefunikwa na magamba madogo sana, yanalaliana kama mabati juu ya nyumba. Kazi ya amonia ni kuyainua ili rangi ipite iingie ndani. Hata kwenye nywele nzima, ukirudia rudia hayalali tena vizuri, ndiyo maana nywele zinakauka na kukatika. Zako nilikuwa nimezilegeza kwa dawa juzi. Wewe jana ukaezua paa lote."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama zitaota tena. Alinigeuza kichwa kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama ile ngozi kwa muda mrefu. Akasema imeungua juu tu, mzizi uko chini, salama, ila nikiona malengelenge au usaha niende hospitali bila kungoja. Nililia pale kwenye kiti chake kama mmoja wa wanafunzi wangu, na kilio chenyewe kilikuwa cha kushukuru.

Wageni walifika mchana. Niliwapelekea maji ya kunawa nikiwa nimefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mama yake Nyabuto alinitazama, akatazama mlangoni nyuma yangu, kisha akamuuliza mama yangu kwa upole:

"Huyu ni mdogo wake? Sisi tuliambiwa tunakuja kumwona mwalimu mwenye mvi."

Kumbe baba yako alikuwa amewaeleza habari za mvi zangu zote, tena kwa kujisifu. Mficha uchi hazai, nikafungua kitambaa palepale na kusimulia yote, tangu Keumbu hadi karai. Wanaume waliangalia sahani zao. Yule mama akainuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anayechagua kabichi sokoni, akakigeuza huku na huku.

"Zitaota kabla ng'ombe hawajafika," akasema, akarudi kuketi na kuomba aongezewe mboga za chinsaga.

Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Ng'ombe wa mahari walipoletwa kwetu miezi kadhaa baadaye, nywele zangu zilikuwa na urefu wa kidole, mvi zikiwa zimerudi mahali pake.

Basi, mwanangu, jibu langu ni hili. Siwezi kukukataza rangi. Lakini ngoja wiki mbili baada ya dawa ya kulainisha, jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio ungoje siku mbili, fungua madirisha, na dakika zilizoandikwa usiziongeze hata moja. Na hiyo pakiti yako iliyoandikwa kwamba haina amonia, usidhani ni maji ya kisima, maana wameweka dawa nyingine ya kufanya kazi ileile. Jumatatu nenda kwenye mahojiano na mvi zako. Watakaokuuliza watakuuliza unachokijua.

Mungu akulinde kuanzia utosini hadi unyayoni, akupe kazi yenye heshima, na akuzeeshe pole pole katikati ya watu wanaokupenda ulivyo.