Deraya ya Kekele

Kuna sauti moja ambayo mgongo wangu huisikia kabla ya masikio: bati likigongwa kwa nyundo ndogo, polepole, na mtu asiye na haraka. Mwaka huu niliisikia sokoni, upande wanakouza mbabula, yale majiko ya makaa tunayopikia karibu Kisangani nzima. Nilikuwa nimekwenda kununua moja, maana ya kwangu ilitoboka chini hadi makaa yakawa yananiangukia vidole vya miguu. Nikasimama katikati ya njia, waendesha toleka wakinipigia kengele za baiskeli zao na kunitukana, nami nimeinamisha kiuno kama mnyama anayengoja kupandwa.

Usicheke, msomaji. Nilipandwa kweli. Utotoni mwangu, miaka ya vita, mimi nilikuwa farasi.

Mambo yote yalitoka kwenye kifuniko cha kopo la biskuti. Mama yake Paluku aliweka humo nyuzi na sindano zake, na kopo lenyewe lilikuja zamani kutoka Ulaya, biskuti zikaliwa kabla sisi hatujazaliwa. Juu ya kifuniko walichorwa mashevalye wawili, wapiganaji wa kale wa huko, wamevaa chuma tangu utosini hadi kwenye vidole, wamepanda farasi, kila mmoja amemwelekezea mwenzake mkuki mrefu. Shule ilikuwa imefungwa. Walimu walikimbia, wengine hadi Bengamisa wakalima mihogo ya watu, na sisi watoto wa karibu na maporomoko ya mto tukaachiwa siku nzima mikononi. Kifuniko kile kikawa mwalimu wetu.

Paluku alikuwa mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya chumvi, sabuni na mafuta. Nyuma ya depo yao yalilundikwa makopo matupu ya mafuta ya msaada, na mwenye makopo ndiye mwenye jeshi. Paluku na wenzake walikuwa wakilipasua kopo kwa msumari na jiwe, wanalinyoosha, wanalikunja kingo ili lisimchinje mvaaji, kisha wanatoboa matundu na kupitisha nyaya za spoku za baiskeli. Kifua kilitoka kwenye kopo la mafuta, magoti kwenye makopo ya nyanya, na chepeo kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga lililotobolewa macho. Walifanya kazi ile kwa bidii ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuiona wakitumwa maji.

Kosa lao lilikuwa moja, na hakuna aliyeliona. Mashevalye wa kwenye kifuniko walichorwa kwa mbele tu. Basi na wale wa kwetu walikuwa chuma mbele, na nyuma mashati yaliyotoboka. Paluku alikuwa akisema shevalye hana mgongo, kwa sababu hakimbii. Sote tuliamini. Picha ilisema hivyo.

Wasio na makopo walikuwa farasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona farasi mwenye uhai, Kisangani tunajua mbuzi, kwa hiyo nilikuwa nikilia kama mbuzi na Paluku akiridhika. Nilikuwa mkubwa wa mwili kwa umri wangu, mtoto wa wavuvi aliyebeba migono tangu alipojua kutembea, na mgono wa kwetu, kile kikapu kirefu cha kutegea samaki katikati ya maji ya kasi, si mzigo wa mchezo. Kwa hiyo Paluku alinichagua mimi. Alinitia kamba ya nailoni mdomoni, akapanda mgongoni, akanipiga visigino vyenye bati mbavuni.

"Weye farasi, inama! Inama muzuri!"

Siku moja alinilisha majani mbele ya wote, kwa sababu farasi hula majani. Nilipoyatema aliniambia, "Bon, leo hakuna mihogo ya kuchoma kwa farasi mwenye kiburi." Nikayaokota nikayatafuna. Njaa ya miaka ile ilikuwa na mikono. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: kusimama kwa miguu miwili katika mchezo ule, na Paluku awe chini.

Amri za vita zilikuwa nyepesi. Bati ndilo lililokuwa hakimu. Fimbo ikikugonga bati likalia, umekufa, ukae pembeni. Lisipolia, hujafa, endelea.

Askari ndio waliotuharibia mchezo. Au niseme ndio walioukuza, kwa sababu kabla yao tulipigana kidogo, tukachoka, tukaenda kuoga mtoni. Wale walioushika mji wakati ule walikuwa na kambi mtaani kwetu, na jioni walikaa juu ya makreti ya bia kututazama. Walikuwa wakipiga kelele kama watu wanaotazama mpira. Waliziona fimbo zetu za mianzi laini mno, wakatukatia nyingine za mti mgumu. Mtoto akitokwa damu puani walipiga makofi. Komanda wao, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alimpa mshindi pakiti ya biskuti za jeshi, na kwa biskuti ile moja mashevalye wa Paluku walianza kuumizana kweli. Mdogo mmoja alivunjwa jino. Tukamcheka, na yeye mwenyewe akacheka, damu mdomoni.

Papa, baba yangu, alipita siku hiyo akitoka kuuza samaki kambini. Alisimama, akawatazama askari, si sisi. Akasema, "Vita ya panzi, furaha ya kunguru," akaenda zake. Nilidhani anatusema sisi kwa kupoteza muda.

Nilitengeneza deraya yangu, vazi langu la vita, nyuma ya jiko letu kwa migono mibovu ya papa. Mgono husukwa kwa kekele, zile fito ngumu za msituni ambazo watu wa Kisangani hutengenezea hata viti. Nilikata sehemu pana ya mgono nikaivaa kiwiliwili, nikatia kekele nyingine za kufunika mabega. Mgono mdogo niliupindua nikauvaa kichwani hadi kidevuni. Niliweza kuona nje, lakini mtu wa nje hakuona uso. Na kwa kuwa mgono ni wa mviringo, deraya yangu ilizunguka. Ilikuwa na mgongo.

Nilipotokea uwanjani walilala chini kwa kicheko. "Kitunga! Kitunga inatembea!" Askari nao walicheka. Paluku akapanda farasi mwingine, katoto kembamba kalikotetemeka chini yake, akanijia na fimbo yake akanipiga kifuani kwa nguvu zote. Kekele ilibonyea, ikarudi. Haikulia.

Akanipiga tena. Kimya. Akanipiga kichwani, begani, tumboni, na deraya yangu haikutoa hata neno.

"Umekufa!" Paluku akapiga kelele. "Nimekupiga!"

"Bati imelia?" nikamuuliza kutoka ndani ya kikapu changu.

Komanda alicheka hadi akajipiga mapajani. "Haijalia," akasema. "Amri ni amri. Endelea, komando!"

Nikamzunguka Paluku, nikamkuta kule ambako kifuniko cha biskuti hakikuchora kitu. Nilimpiga mgongoni hadi akaanguka kutoka kwa farasi wake, nikaendelea kumpiga akiwa chini, na alipomwita mama yake nilisikia raha ambayo sijapata kuisikia tena, hata siku ya harusi za dada zangu. Sitaomba msamaha kwa raha ile. Niliifanyia kazi kwa mikono na magoti.

Komanda alinipa biskuti kwa mkono wake. "Kijana, jina lako nani?" Sikujibu, nyumbani tulifundishwa kutompa askari jina. Akatabasamu tu. Akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na vita kubwa, waje wote, na mshindi atapewa mabuti ya jeshi. Nilikwenda nyumbani nikijiona nimeshayavaa.

Ijumaa papa alirudi kutoka kambini na samaki wake wote kwenye kapu. Hakuwa ameuza hata mmoja. Alikaa kwenye kibao chake akanitazama sana.

"Kesho utapigana?"

"Ndiyo, papa."

Sikupigwa. Asubuhi aliniona nikivaa deraya akaniacha, na nilipofika uwanjani nikamwona amesimama kati ya watu. Papa, ambaye hakuwahi kuacha mitego yake kwa ajili yangu, amekuja kunitazama! Nilipigana kama kichaa. Nilimwangusha wa kwanza, nikamwangusha wa pili, na Paluku alikuwa mbele yangu anarudi nyuma.

Ndipo papa alipoingia uwanjani. Alining'oa chepeo kichwani kwa pigo moja, akanitupa chini, akanikalia miguuni. Akanitia kipande cha fimbo mdomoni, kikalala juu ya ulimi, akakishika pande zote mbili.

"Ndeke!" akapiga kelele. "Ndeke imemukamata! Mutoto yangu iko na ndeke! Musimuguse!"

Ndeke ni ndege, na kwetu ndivyo tunavyokiita kifafa. Nilitaka kusema sina ndeke, sijawahi kuanguka hata siku moja, lakini fimbo ilikuwa mdomoni, na kilichotoka kilikuwa mlio na mate. Nilirusha miguu. Nilitupa mikono. Kadiri nilivyopigania kujinasua ndivyo nilivyozidi kuwa kile alichokisema. Nilijikojolea. Watu walikimbia kama waliotupiwa nyoka, kwa kuwa kwetu mate ya mwenye ndeke huogopwa kuliko risasi. Nikamwona komanda akirudi nyuma, akiufuta kwenye suruali mkono ulionipa biskuti.

Papa alinibeba hadi nyumbani. Deraya yangu aliikatakata kwa panga akaichoma, na mama akapikia lituma juu ya moto huo, ndizi zikatoka na harufu ya kekele. Nilipewa chakula kwenye sahani yangu peke yangu. Tangu siku hiyo nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu na mkeka wangu.

Paluku alishinda. Nani angemshinda, mimi nisipokuwepo? Nililetewa habari na nikakimbilia barabarani nikaliona lori la askari likipita, na yeye juu yake pamoja na wawili wengine, amevaa makopo yake yote na mabuti yaliyomfika magotini. Alikuwa akipunga mkono kama mfalme. Mama yake alipiga makofi kwenye mlango wa depo. Aliambiwa wanakwenda kuonyesha mchezo kambi kubwa, watarudi jioni. Nililia kwa wivu hadi nikatapika.

Hawakurudi jioni. Mama Paluku alisimama mlangoni pale siku baada ya siku, mpaka mumewe akafunga depo wakahama.

Mimi nikabaki na ndeke yangu. Shule ilipofunguliwa nilikaa benchi la peke yangu. Watoto waliweka majani kwenye mlango wangu wakisema farasi ameshikwa na ndege. Walipoacha kuniogopa walianza kunitega, wakinisukuma karibu na moto waone nitaanguka vipi. Nilikua, nikawa msichana wa kuposwa, nikapendwa na kijana mmoja wa Yahuma, mjomba wake akaja kuuliza habari zangu mtaani, na alipopewa habari za ndeke hakurudi tena. Siku hiyo nilimwendea papa kando ya maji.

"Papa, sema ukweli. Waambie sina. Vita imeisha."

Aliendelea kusuka mgono wake. "Inaisha, inarudi," akasema. "Weye baki na ndeke yako."

Nilimchukia kwa neno lile mpaka tulipomzika, na nikasimama kaburini macho makavu.

Sasa turudi sokoni. Mgonga mbabula aliinua uso. Sikio moja halikuwepo, na mkono wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu, lakini alijua kukunja kingo za bati zisimkate mtu.

"Farasi," akasema.

"Paluku."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia machache, bila kuacha kugonga. Wale wawili walioondoka naye walikufa mapema. Yeye alikaa huko miaka, na mambo aliyoyafanya huko alisema hayasemwi mbele ya mwanamke. Kisha akacheka kidogo.

"Unajua, ndani ya lori komanda alikuwa na kasirani njia yote. Kumbe tangu Alhamisi walishapanga nani wa kuchukua. 'Ile ya kitunga ndiye nilitaka,' anasema. Alors, weye ukashikwa na ndeke. Miye nilikuwa wa pili tu."

Nyundo ikaendelea. Nikamwona papa anarudi na samaki wake, Ijumaa ile. Aliyasikia kambini akiwa na kapu mkononi. Na njia ya kutoka kambini kuja kwetu inapita mbele ya depo. Mara ngapi alinunua chumvi pale, akakaa, akanywa maji ya mama Paluku! Siku ile alipita akanyamaza. Kama angewaonya, watoto wasingekuja, na askari wangetafuta nani amesema. Alikuwa na uongo wa kumtosha mtoto mmoja, akaninunua mimi, na bei ilikuwa mwana wa jirani. Nampenda papa yangu. Na ninaogopa kwamba ningekuwa Paluku, ningeifukua mifupa yake mmoja mmoja.

"Na ile ndeke," Paluku akauliza, kwa sauti ya huruma kweli, "ilishakuacha?"

Nilifungua mdomo. Neno nililolingoja tangu utotoni lilikuwa limefika kwenye meno: sikuwa nayo, sikuwahi kuwa nayo. Angelielewa papo hapo, hakuwa mjinga. Nikamtazama sikio lile ambalo halikuwepo.

"Bado," nikasema. "Inanikamata mara mojamoja."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mbabula yangu ilikuwa tayari. Hakunipa mkononi, aliiweka chini, akaisukuma kwa mguu hadi karibu nami, kama watu wanavyofanya kwa mwenye ugonjwa wangu. Nikainama kuichukua.