Dhambi za Nyumba Nzima

Omena iliyopigwa na manyunyu kabla ya kukauka ina harufu yake. Si ya samaki mbichi, wala si ile ya omena kavu ya dukani inayokwaruza koo; iko katikati, nzito, tamu kidogo, kama uji ulioshika chini ya sufuria. Juzi niliikuta sokoni hapa Nyamasaria. Mama mmoja alikuwa amefunua gunia lake baada ya mvua, nami nikasimama pale na kikapu mkononi mpaka akaniuliza kama nataka kununua au nataka kusali. Nilicheka, nikanunua. Lakini nusu yangu ilikuwa imeshafika Luanda Kotieno, kwenye boma la nyanya yangu, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nikijiandaa kubatizwa, nikiwa na moyo ambao kwa maoni yangu mwenyewe haukuwa na doa.

Nyanya, ambaye jina lake lilikuwa Dorsila, tulimwita Dani, kama Wajaluo wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea haraka kana kwamba kuna mtu anamsubiri mbele, na kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama. Alisifika kwa jambo moja: hakusema uongo. Ukimuuliza kama nguo yako mpya inakupendeza, alikujibu alichokiona. Kwa sababu hiyo watu walimheshimu sana, na kumtembelea kwa kiasi.

Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa aliishi Mama Peres, mjane wa makamo ambaye binti yake alikuwa ameolewa Port Victoria. Kazi yake ilikuwa kukausha omena. Asubuhi alitandaza nyavu chini na kumwaga samaki juu yake, wadogo, waking'aa kama sindano, na jua lilipopanda harufu ilitambaa mpaka jikoni kwetu. Kicheko chake ungekisikia ukiwa kwenye kivuko cha Mbita. Yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Dani, "Leo umenuna bila sababu," akabaki salama. Walikwenda ziwani pamoja kufua, wakarudi pamoja. Mpaka siku ya bata.

Nitawaeleza kama ilivyosimuliwa nyumbani kwetu. Siku hiyo bata kumi na mmoja wa Dani walitoka kibandani, wakapenya kwenye ua, wakala omena ya wavu mzima, na ile waliyoshindwa kula wakaikanyaga. Mama Peres alikuja akiwa amemshika bata mmoja kwa mabawa kama ushahidi. Dani akasema kibanda alikifunga yeye mwenyewe asubuhi, kwa mkono wake. Wakaenda wote wawili kuangalia, na kweli, kigingi cha mlango kilikuwa mahali pake, kimesukumwa mpaka mwisho, na ndani hakuna bata hata mmoja.

"Basi bata wako wana mikono," akasema Mama Peres.

"Au kuna mtu amewafungulia ili apate la kulalamikia," akajibu Dani.

Neno hilo lilitua vibaya. Mama Peres alimweka bata chini polepole, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto. Wimbo ulipoanza, kila mmoja aliimba kwa nguvu zake zote ili mwenzake asidhani ameshinda, na kwa miezi mitano ibada yetu ilichangamka kuliko wakati wowote. Mchungaji alidhani ni uamsho.

Mwalimu wetu wa ubatizo aliitwa Elkana. Siku za wiki alikuwa fundi wa baiskeli, na hata Jumamosi alitufundisha akiwa na grisi chini ya kucha. Tulikuwa watoto saba. Ilipobaki wiki moja kuingia majini, alichana daftari lake akampa kila mtu karatasi.

"Ziwa litawaosha ngozi," alituambia. "Moyo hauoshwi ukiwa umefunikwa. Kaeni nao wiki hii, muuchunguze. Mtakachokiona, kiandikeni."

Nami nikakaa na moyo wangu, nyuma ya tangi la maji, mahali penye kivuli. Niliuchungulia kwa bidii. Sikuwa nimeua mtu. Sikuwa nimeiba ng'ombe wala kuabudu sanamu. Siku ya tatu karatasi yangu ilikuwa bado nyeupe, na rafiki yangu Awino, ambaye hata mimi nilijua ni mtoto mpole, alikuwa amejaza pande zote mbili na kuomba karatasi nyingine. Nikaona aibu. Mwalimu Elkana angedhani sikufanya kazi yake.

Ndipo nikapata dawa. Moyo wangu ulikuwa umekaukiwa na dhambi, lakini nyumba yetu ilikuwa imejaa! Nikachukua rula na kalamu ya risasi. Moja: Mjomba Ouma husema anaenda mkutano wa vijana, kumbe anaenda kutazama mpira. Mbili: Akoth, binamu yangu, hulamba sukari kwa kidole kilicholowa. Tatu: Mama, ambaye alifanya kazi Kisumu na kuja kwetu mwisho wa wiki, humwambia mtu kwenye simu kwamba yuko njiani, na bado anasukwa nywele. Nikaendelea hivyo, kwa mwandiko mzuri, nikipiga mstari chini ya kila jina, mpaka nikafika kumi na nne. Mstari wa kumi na nne uliandikwa: Dani hamsalimu Mama Peres.

Methali ya nyani asiyeona kundule tulikuwa tumefundishwa darasa la tatu. Mimi ndiye niliyeikariri kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumamosi nikampelekea Mwalimu Elkana karatasi yangu nikiwa mtu wa kwanza mlangoni. Hakuipokea. Aliirudisha mikono yake nyuma.

"Mimi sitaki kuiona," akasema. "Rudini nyumbani. Kila mmoja amsomee mtu mzima anayeishi naye, waombe pamoja, kisha waichome."

Njia ile kutoka kanisani ni fupi, lakini siku hiyo niliifanya ndefu. Nyumbani sikumkuta mtu mzima mwingine isipokuwa Dani, ameketi mlangoni akibambua njugu kwenye ungo. Nilipomweleza nilichotumwa, alivaa miwani yake, ingawa msomaji nilikuwa mimi.

Nikasoma. Wa Mjomba Ouma ulipopita, Dani aligonga ungo: "Nilijua! Vijana gani wanaokutana na kurudi sauti zimewakauka hivyo?" Wa sukari ulimfanya acheke mpaka akafuta macho. Nilipata ujasiri, nikaanza kusoma kwa madoido, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliofaulu yeye peke yake. Nikafika wa kumi na nne kwa kasi ileile, na hapo tu nikatambua nimeusoma kwa nani.

Dani aliuweka ungo chini.

"Soma tena huo," akasema.

Nikausoma tena, kwa sauti ya nzi.

"Na zako ziko wapi?"

"Sina, Dani."

Sikuona hasira usoni pake. Aliniangalia kama anavyoangalia mchele kabla ya kuuosha. Kisha akasema, "Huo wa kumi na nne ni wangu, na ni wa kweli. Kesho nitasimama ufuoni nikuone ukibatizwa, na yule pale nimemnunia miezi mitano." Akasimama, akakung'uta lesso yake, akaingia ndani akatoka na kitambaa cha kichwa cha Jumapili.

"Njoo, nyakwara." Ndivyo alivyoniita, mjukuu wangu, alipokuwa hana ugomvi nami.

"Wapi?"

"Kuchoma karatasi."

Tulizunguka ua, yeye mbele, mimi nyuma. Ni hatua chache sana. Lakini kabla hatujafika nilianza kuburuta miguu, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikuliandika. Bata wale niliwafungulia mimi. Nilitaka kuwaona vifaranga wakiogelea, basi. Nilivuta kigingi, wakatoka, na kabla hatujafika majini Awino akaniita kuruka kamba. Niliporudi nikakuta kibanda kitupu na kelele ng'ambo ya ua, nikakisukuma kigingi mpaka mwisho, nikaingia ndani kufagia bila kutumwa. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nikilizunguka jambo lile kila siku, kama mtu anayejua palipo na tope njiani mpaka hana haja tena ya kuangalia chini.

Mama Peres alikuwa akigeuza omena kwa ufagio. Dani alisimama ukingoni mwa wavu, asiukanyage.

"Amosi, Mama Peres," akasema. Nakusalimu. "Nilikuita mtu wa hila. Sikuona kwa macho yangu, nilisema tu. Nimekuja kuliondoa neno hilo..."

"Ni mimi!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia; kuku wakakimbia. "Ni mimi niliyewafungulia bata! Ni mimi, Dani!"

Dani akageuka polepole. "Na kigingi?"

"Nilikirudisha. Nilitaka tu kuwaona vifaranga wakiogelea."

Nililia kwa namna ambayo mtoto hulia anapojua kwamba hakuna tena cha kuficha, kilio kinachotoka na kamasi na nafuu pamoja. Dani aliketi juu ya beseni lililopinduliwa, kana kwamba miguu yake imeambiwa ipumzike. Nilingoja kofi. Badala yake nikasikia kile kicheko, kile cha kivuko cha Mbita, Mama Peres ameegemea ufagio wake akicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Miezi mitano!" akasema. "Dorsila, miezi mitano tumeimba mpaka koo zikaota sugu, kwa ajili ya vifaranga!" Na Dani, ambaye hata kwenye harusi hutabasamu kwa upande mmoja tu, akaanza kutikisika mabega, kisha naye akacheka, mkono mmoja kifuani, mwingine umemshika Mama Peres mkono.

Mama Peres alitaka naye asikie karatasi. Nikamsomea yote, macho yakiwa bado yamevimba, akacheka tena kwenye ule wa simu ya Mama. Kisha akanitafutia kalamu.

"Ongeza wa kumi na tano," akasema.

Nikaandika: Niliwafungulia bata, nikanyamaza. Ulikuwa mstari mfupi na mwandiko wake ulikuwa mbaya. Dani akaomba, si kwa maneno mengi, na karatasi ikaenda chini ya sufuria ya chai. Adhabu ilikuja baadaye, kwa haki: wiki tatu nilimgeuzia Mama Peres omena kila nilipotoka shule. Lakini kesho yake, nilipotoka majini natetemeka, kanzu imenigandama, wanawake wawili walikuwa wameshika taulo moja, kila mtu ncha yake, wakigombania nani anikaushe kichwa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilihisi mwepesi hata nikaogopa upepo wa ziwa.

Nilidhani kisa kiliishia hapo. Miaka ikapita, nikaenda chuo, na likizo moja nikawa nimeketi na Mama Peres tukichambua omena, nikamkumbusha siku ile ili tucheke. Hakucheka.

"Nilikuona," akasema. "Siku ya bata. Ulikuwa unasukuma kigingi kwa mikono miwili."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, akaitwa mtu wa hila bure.

"Ningesema, Dani wako angekuuliza. Nawe ungekataa, na yeye angekuamini. Ungekuwa umemdanganya mtu anayekupenda, usoni pake. Nikaona afadhali anikasirikie mimi. Mimi ni mtu mzima, ningebeba."

Nilikuwa nimefundishwa kwamba moyo safi ni ule ambao ukiuchungulia huoni kitu. Nilimtafuta mwenye moyo huo nyuma ya tangi la maji, nikadhani ni mimi. Baadaye nikadhani ni Dani, kwa jinsi alivyosimama akaenda. Kumbe muda wote alikuwa ng'ambo ya minyaa, na alijua kila kitu. Kila asubuhi ya miezi ile mitano, nilipopita kwenda shule, aliuweka chini ufagio wake, akaniita kwa jina langu, akanitakia siku njema. Mimi nilipita bila kujibu, nikijiona mtoto mwema anayesimama upande wa nyanya yake. Na moyoni nilimcheka kidogo. Nilidhani ananisalimu kwa sababu hajui.